Jina Lililonikwama Kwenye Sherehe ya Shule

Nimewahi kukutana na fisi kwenye njia ya Issenye nikiwa juu ya baiskeli isiyo na breki. Nimewahi kuvuka barabara ya Nyamongo katikati ya bodaboda elfu moja, zote zikinitafuta mimi peke yangu. Lakini hofu niliyoipata siku shule ya kijiji cha wakwe zangu ilipotimiza miaka hamsini haina ndugu. Ilianzia magotini, ikapanda hadi kwenye meno, ikakaa huko.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusimulia historia ya shule. Tangu nihitimu masomo ya jioni ya watu wazima, hakuna kumbukumbu inayofanyika kata hii bila mimi. Josho la ng'ombe likitimiza miaka, naitwa. Kanisa likibadilisha mabati, naitwa. Visa ninavyoandika hubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na watu huvisoma mpaka ng'ombe wao wanamaliza mahindi ya jirani.

Historia yenyewe ilikuwa fupi. Darasa la kwanza lilijengwa kwa mawe ya mtoni. Wavulana walikuwa machungani, wanaume walikuwa wanabishana mlango utazame wapi, kwa hiyo mawe yalibebwa kichwani na wasichana wanne. Darasa lilipokwisha, wavulana waliitwa kutoka machungani waje kusoma. Wasichana wakaambiwa warudi nyumbani. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa kwenye dawati siku moja, wakati mimi, jitu zima lenye ndevu, nilijifunzia kusoma humo humo. Wawili wameshafariki. Kati ya wawili walio hai, mmoja ndiye aliyemzaa mke wangu.

Kwetu Wakurya, mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitoki mdomoni mwake. Nikimwona njiani naingia kwenye mihogo. Shikamoo yangu humfikia kupitia kwa mke wangu, kama mzigo wa basi. Na si utani. Yupo mwanaume upande wa Kisaka aliyelitamka jina la mkwe wake akiwa amelewa. Mpaka leo mikono yake inatetemeka, chai inaisha kabla kikombe hakijafika mdomoni. Hayo ni yake. Kilichonitisha ni watoto wake, maana wanasema ugonjwa haukuishia kwake, ulishuka kwao. Mimi nina watoto.

Wiki ya sherehe, mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akanikuta naandika.

"Mama anasema anataka kulisikia jina lake pale shuleni," alisema. "Miguu yake imeisha. Sherehe nyingine hataiona."

"Nitasema mama wa fulani, kama wanavyomwita wote."

"Amekataa. Anasema walipobeba mawe walikuwa wasichana. Hakuna aliyekuwa mama wa mtu. Anataka jina la usichana wake."

"Unataka nife?"

"Sitaki ufe. Nataka mama asifutwe."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimfuata mwalimu mkuu, ambaye serikali ilimleta kutoka mkoa wa mbali. Alinicheka.

"Mzee, jina tu! Kwetu ningemwita mkwe mara mia na bado angenipikia chapati."

"Basi umwite wewe, Mwalimu. Mke wangu atakutajia."

Akakubali. Nikarudi nyumbani mwepesi kama unyoya, nikala ugali wa watu watatu.

Siku ikafika. Turubai la wazee niliagiza lifungwe mkono wa kushoto, ili nihutubie nikiwa nimetazama kulia. Nilianza vizuri. Watu walicheka nilipofika kwa wanaume na mlango wao. Ndipo mtu akaja mbio kusema gari la mgeni rasmi limekwama kwenye tope mtoni, na mwalimu mkuu, pamoja na walimu wote, wakaondoka kwenda kulisukuma.

Nikabaki peke yangu na kipaza sauti. Nilisema walikuwa wasichana wanne. Nikataja wa kwanza, marehemu. Nikataja wa pili, marehemu. Nikataja wa tatu, akasimama akapungia watu mkono. Kisha nikanyamaza.

"Na wa nne?" huyo bibi wa tatu aliuliza kwa sauti, naye anajua vizuri mimi ni mkwe wa nani.

Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyetaka kunisaidia, walikuwa wamepata sherehe ndani ya sherehe.

"Mura, ndugu yangu, umemeza nini?" mwanaume mmoja alipiga kelele.

"Mpeni maji mkwe wetu!"

"Maji ya nini? Mpeni panga ajikate ulimi!"

Wakacheka. Mimi nilitokwa jasho la kunywesha zizi zima. Upande wa kushoto sikuthubutu kutazama, lakini nilisikia kwamba turubai la wazee halicheki. Nikajua anasubiri, na kwamba kila nukta inayopita anafutwa kidogo. Nikafungua mdomo. Nikaiona mikono yangu kwenye kipaza sauti, na naapa ilikuwa imeshaanza kutetemeka.

Mbele yangu walikaa wanafunzi wa darasa la nne, na kati yao binti yangu. Alirithi jina la usichana la bibi yake mzaa mama alipozaliwa, kwa hiyo tangu siku hiyo sijawahi kumwita kwa jina lake. Mimi humwita bibi mdogo. Hata akiangusha chungu, ni bibi mdogo tu.

"Bibi mdogo," nilisema. "Njoo hapa."

Akaja akiburuza viatu. Nikamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Waambie watu unaitwa nani."

Akatazama chini. Watoto wana siku zao za kuona aibu, na yeye aliichagua hiyo. Kicheko kikakoma. Nikahisi hofu mpya, mbaya kuliko ya kwanza: kwamba atakataa.

"Tata, wananijua," alinong'ona.

"Waambie tena. Kwa nguvu."

Akavuta pumzi, akalitamka jina lake. Likapita kwenye spika, likapiga kilima, likarudi. Nikasikia kiti kinaburuzwa upande wa kushoto, nikajua anasimama. Nikageuka haraka nikaupa uso wangu ukuta wa lile darasa la mawe lililokuwa nyuma yangu, pua ikigusa kabisa, huku vigelegele vikinipiga mgongoni kama mvua ya mawe.

Jioni mke wangu aliniletea ujumbe.

"Mama anashukuru. Na anauliza, ulipogeukia ukuta uliliona jiwe lake? Anasema ni lile jeusi, kubwa kuliko yote, kushoto kwa mlango."

Kesho yake nilipita shuleni. Jiwe nililiona. Ni kubwa kiasi kwamba mimi nisingelibeba hata kwa trekta. Nikanyoosha mkono niliguse, halafu nikaurudisha mfukoni. Sikuwa na hakika kama mkwe anaruhusiwa.