Matembezi ya Bujumbura kwenye Uwanja wa Mtendeli

Reverien Ndayikeza alifanya kazi moja tu maishani kabla ya ukimbizi: kutembeza wageni mjini Bujumbura. Kwa miguu, nasema, si kwa gari. Saa tatu asubuhi unamkuta langoni mwa makumbusho, viatu vinang'aa, kifimbo mkononi. Anakuingiza kwenye nyumba ya ngoma, anakupitisha chumba cha mikuki na vikapu, mnavuka barabara kwenda makumbusho ya pili, ya mawe na mifupa, halafu mnamalizia kwenye bustani ya zamani yenye mnara na miti iliyopandwa enzi za Wajerumani. Miaka kumi na mmoja aliifanya kazi hiyo. Na alikuwa mcheshi, wanaomjua wanasema, mtu wa kumchekesha hata mgeni aliyechoka na jua.

Huyo wa zamani msahau. Ninayemsimulia ni wa mwaka 1997, kambi ya Mtendeli, wilaya ya Kibondo, na huyu alikuwa amekufa ganzi. Sisemi mguu, nasema mtu mzima. Ukimsalimu anaitika, ukimpa habari ya msiba anatikisa kichwa, ukimpimia unga wenye wadudu anapokea na kushukuru. Kilio hana, kicheko hana. Majirani zake walisema amelogwa. Upuuzi mtupu. Hakulogwa, alihesabu vibaya.

Ilikuwa hivi. Mkewe alikwisha kufa kwa malaria, akamwachia binti mmoja, Vestina. Mauaji yalipolipuka mwaka 1993, majirani walimgeukia Reverien: si wewe unayejua kuongoza watu? Haya, tuongoze. Akawaongoza, watu kumi na tisa, siku nyingi kwa miguu kuelekea mpaka wa Tanzania, yeye mbele, watoto nyuma na kina mama. Na kama kazini, kila walipopumzika alihesabu vichwa. Mvua haikukatika, watoto wamefunikwa vitenge gubigubi, yeye anapita akigusa kichwa hiki na hiki. Kumi na tisa, twendeni. Kituo kingine, kumi na tisa, twendeni. Mwongoza wageni hatazami nyuso, jamani, anatazama hesabu itimie aendelee na safari. Walipovuka mpaka jua likatoka, vitenge vikafunuliwa, na hesabu ilikuwa sawasawa, ila mtoto mmoja hakuwa wao. Kasichana ka miaka minne kaitwako Niyibizi kalikuwa kamepotezana na mama yake njiani, kakajiunga na mstari. Vestina, wa miaka sita, hakuwepo.

Alitaka kurudi. Wanaume watatu walimshika na kumlaza chini, maana huko nyuma risasi zilikuwa zinalia. Tangu siku hiyo ndiyo ganzi.

Niyibizi akabaki naye. Alimlisha, akamwogesha, akamsuka nywele vibaya kama wanaume wasukavyo. Mtoto akamwita baba. Bwana Evaristi, wa ofisi ya kuunganisha familia zilizopotezana, alipopita na kamera yake akiuliza nani ana mtoto asiye wake, Reverien alisema huyu wangu. Alipopita mara ya pili, vilevile. Mimi simlaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwalimu mkuu wa shule ya kambi ndiye aliyemrudisha kazini. Watoto wengi walikuwa wamezaliwa vilimani, au walikimbizwa wakiwa wachanga, mji mkuu wa kwao hawaujui hata kwa picha. Basi kila Jumatano Reverien alichora Bujumbura kwa majivu kwenye uwanja wa mpira. Lango la kusini likawa makumbusho, mstari wa katikati barabara, lango la kaskazini bustani. Akawatembeza darasa zima. Hapa inameni, mlango ni mfupi. Hapa msiguse, ngoma hii imechongwa kwa mti wa mvugangoma na ina miaka mingi kuliko babu zenu. Watoto waliinama kweli mlangoni pasipo na mlango, wakanyamaza mbele ya ngoma zisizokuwepo. Watu wazima walikuja kutazama, wengine wakajifuta machozi. Yeye alisema yote bila kukosea hata kidogo, na moyoni hakusikia lolote, kama anayesoma orodha ya mgawo wa maharage.

Siku moja Niyibizi akarudi na karatasi ya shule. Jina la baba lilikuwa limeandikwa, bado la mama. Akauliza mama yangu anaitwa nani. Reverien aliishika karatasi ile mpaka uji ukaungua.

Ndipo akaanza kupatana bei na Mungu. Jina la Vestina lilikuwa limeandikwa ofisini tangu mwaka wa kwanza, na jibu hakuna. Vipi lije, akajiambia, na yeye amekalia mtoto wa mwenzake? Akimrudisha huyu, wake naye atarudi. Hilo tu ndilo lililobaki hai ndani yake, na kwa ajili ya hilo alikwenda kwa Evaristi akasema, mtoto si wangu, mpige picha.

Ilichukua miezi miwili. Jumatano moja, matembezi yakiwa yamefika mstari wa katikati, gari la ofisi likasimama pembeni. Akashuka Evaristi na mama mmoja mwenye udongo mwekundu kwenye pindo la gauni, na paji la uso pana lililotokeza, lile lile la Niyibizi. Reverien alijua papo hapo. Mwingine angeacha yote. Yeye akawavusha watoto barabara, akawafikisha bustanini, akaeleza mnara, akawaambia asanteni kwa kututembelea.

Mama huyo aliitwa Epifania. Alivukia upande wa Kasulu, akahifadhiwa kijiji cha Heru Juu, na miaka minne amelima muhogo wa watu huku kila siku ya soko akiuliza habari za mwanawe. Niyibizi hakumtambua. Alijificha nyuma ya Reverien, akaling'ang'ania shati lake. Reverien akavibandua vidole vyake kimoja kimoja, akamwambia huyu ni mama yako, nenda. Mtoto akalia. Epifania akapiga magoti, akapiga makofi ya shukrani kama Waha, wenyeji wa Kasulu, wapigavyo.

Alipoinuka aliuliza ilikuwaje, naye Reverien akamsimulia ule mstari, mvua, na daraja lililovunjika walipopumzika mara ya mwisho kabla ya mpaka. Epifania aliposikia habari ya daraja akalirudia neno hilo: daraja. Reverien akamtazama.

"Wangu alikuwa na sweta la njano," akasema. "Ulimwona?"

Evaristi alisema si lazima kuyasema yote leo. Epifania akamkatalia.

"Nilimwona. Amekaa kwenye jiwe, ng'ambo ya daraja. Nilimshika mkono, nikamwambia twende. Akakataa. Akasema, baba amesema ukipotea kaa hapo hapo ulipo, usisogee, yeye ndiye atarudi kukuchukua."

Maneno hayo yalikuwa ya Reverien, herufi kwa herufi. Aliwaambia wageni langoni kila asubuhi kabla hawajaanza kutembea, na Vestina, aliyekuwa akimfuata kazini siku za Jumamosi, aliyashika kama sala.

"Nilikuwa namtafuta wangu," Epifania akasema. "Nikamwacha pale, baba. Nisamehe."

Reverien akauliza jambo moja tu, kwa upole, kama anayeuliza njia: mtoto alikuwa anatazama upande gani?

"Upande mliokwenda."

Akakaa chini, majivu ya bustani yakamjaa suruali, na ganzi ya miaka minne ikamtoka yote kwa mara moja, na iliuma, iliuma vibaya sana. Alilia kwa sauti. Watoto aliokuwa amewatembeza wakarudi mbio kutoka madarasani, wakasimama nje ya mstari kumtazama.