Upele Niliofungia Chumbani

Mwanangu alifikisha mwaka na miezi minne bila kusimama, na aliyemkalisha chini ni mimi mamake. Nalisema wazi, sina wa kumsingizia.

Alianza kujikuna akiwa na miezi mitano, kwapani, mapajani, hadi nyayoni. Upele. Mavyaa, mamake mume wangu, alimkagua kisha akashusha pazia la mlango wetu. "Usimtoe huyo," akaniambia. "Nyumba hii imejaa wapangaji, watakuita mchafu. Apone kwanza."

Mimi mchafu! Mimi niliyepiga deki mara mbili kwa siku, na mtaa wetu wa Magongo ulivyo na vumbi la malori! Iliniuma, nami nikatii. Nikampaka dawa, nikafunga mlango, nikangoja ngozi itakate. Ikitakata, wiki mbili tu upele umerudi. Nami pia nilikuwa najikuna, kitanda kimoja na yeye, nikisema ni joto. Siku ya kumtoa nikaisogeza, nikaisogeza tena. Kliniki nayo nikaiacha, maana kule watoto huvuliwa nguo mbele za watu.

Siku niliyojaribu kumsimamisha, miguu ilipinda akapiga ukelele. Nikambeba mbio hadi hospitali.

Daktari alimshika vifundo vya mikono, vimevimba. "Huyu huota jua?"

Nikatikisa kichwa. Akasema mifupa imelainika kwa kukosa vitamini D, ambayo mwili huitengeneza ukipata jua. Akatupa matone. Upele nao, akasema, hautibiwi kwa mtu mmoja, nyumba nzima hupaka dawa siku moja.

"Atatembea, daktari?"

"Tutaona."

Tutaona! Jamani, hilo ni neno la kumwambia mama?

Asubuhi iliyofuata nilitandika mkeka uani, nikamvua mtoto nguo, nikawatangazia majirani: ana upele, tafadhalini tupake dawa sote. Nikangoja matusi. Jirani wa mlango wa pili aliacha kufua, akacheka, akanionyesha vidole vyake vimejaa vipele.

"Mwenzangu, sisi sote twajikuna tangu mwaka jana! Twawavika watoto nguo za mikono mirefu, basi, wanacheza. Kwani ulidhani ni wewe peke yako? Mwache acheze na wangu."

Wake, aliyezaliwa mwezi mmoja na wangu, alikuwa anakimbiza kuku. Wangu alimtazama, kisha akaninyooshea mikono nimbebe.