Bima ya Safari Tuliyoikatiza

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi ile simu ilipotufikia Mombasa. Ilikuwa Desemba moja ya miaka ya tisini, shule zimefungwa, na watoto wangu walikuwa na mchanga wa jana masikioni. Msichana wa mapokezi ya hoteli alikuja hadi mezani tulipokuwa tukinywa chai, akamwambia mume wangu kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu anamtafuta kwa simu kutoka Bomet. Kiprono akainuka na kikombe mkononi. Aliporudi, kikombe alikuwa nacho bado, lakini chai yote ilikuwa kwenye shati, naye hana habari.

"Baba ametuacha," akasema.

Mzee Kimutai alikuwa ameanguka zizini akikamua, na majirani walipomfikia alikuwa ameshakwenda. Ndoo ya maziwa, walituambia baadaye, haikumwagika.

Na ni yeye aliyetutuma huko. Kiprono alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, mimi nachuma majani yangu hapa Merigi na kuchunga ng'ombe, na hakuna kati yetu aliyewahi kuiona bahari. Mzee aliuza mtamba wake mzuri, akasema watoto wakaone maji yasiyo na ng'ambo. Tena akatusindikiza hadi kwa wakala wa safari pale Kericho mjini. Yule dada wa ofisini alipouliza kama tungependa kukata bima ya safari, Kiprono alicheka. Bima ya nini, kwani tunaenda Ulaya? Mzee hakucheka.

"Kata," akasema. "Tahadhari kabla ya athari."

Basi tukakata, zaidi kwa heshima kuliko kwa akili.

Asubuhi ile ya simu, nilikusanya nguo mbichi na viatu vya watoto. Hoteli haikuturudishia kitu. Lakini yule msichana wa mapokezi, Mtaita mmoja mpole, alinishika mkono mlangoni. "Mama, mna bima? Ngoja nikuandikie kwamba mmeondoka kwa sababu ya msiba. Na hizi risiti usitupe." Mimi nilitaka kupanda basi tu. Alinikimbilia hadi nje na bahasha, akaiingiza mwenyewe kwenye kikapu changu. Mungu ambariki popote alipo, maana mtu aliyefiwa hana akili ya karatasi.

Tulimzika Mzee nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba lake la chai, kanisa zima likiimba kwenye matope. Wageni walipokwisha kuondoka, nikakiona kile kikapu, nikakumbuka bima. Nikamwambia Kiprono.

"Nile kifo cha baba?" akaniuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Binamu yake alikuwapo, mtu wa maneno mengi, akaingilia. "Hiyo ni haki yako, bwana. Jaza tu hapo 'baba', peleka, maliza. Nani atakuuliza ni baba gani?"

Kiprono akasimama, akatoka nje kwenye mvua bila koti.

Hapo ndipo nikuambie jambo, mwanangu. Mzee Kimutai hakumzaa Kiprono. Aliyemzaa ni Kipkoech, ndugu mdogo wa Mzee, aliyekufa Kiprono akiwa bado ananyonya, na mamake akamfuata kabla ya mtoto kujua kutembea. Mzee na mkewe wakamchukua, akawa kifungua mimba wao. Kwetu ndugu ya babako ni babako, na hapakuwa na siku aliyoitwa kwa jina lingine. Lakini kwenye kitambulisho chake aliandikwa arap Koech, yaani mwana wa Kipkoech aliyemzaa, si arap Mutai kama wadogo zake. Nililijua hilo tangu nilipoolewa, ila nilikuwa nimelisahau, kama unavyosahau kovu la mtu unayemwona kila siku.

Mama mkwe hakulisahau. Alikuwa ameketi jikoni na kitambaa cha matanga kichwani, akamsikia yule binamu, akamwona mwanawe akitoka. Akaniita.

"Mama Chebet, unafikiri anakataa pesa?"

"Si amesema hivyo, Mama?"

"Hakatai pesa. Anaogopa mtu wa ofisi asimwambie kwamba huyo uliyemzika si babako." Akachochea moto. "Kesho tutaenda Kericho, mimi na wewe. Na uongo wa huyo mtoto wa shemeji yangu tutauacha hapa."

Nilitaka kumwambia mjane hatembei ovyo wakati wa matanga, lakini ungemwona uso wake usingesema.

Ofisini kwa watu wa bima tulimkuta kijana wa tai, mwenye adabu, Kiswahili chake cha haraka haraka. Akasoma bahasha ya yule Mtaita, akatazama kibali cha mazishi na nakala ya kitambulisho cha Kiprono. Akasita.

"Pole sana, Mama. Lakini hapa naona marehemu ni Kimutai, na huyu ni arap Koech. Marehemu alikuwa nani wake?"

Mwanangu, lile neno 'baba' lilikuwa kwenye ulimi wangu. Halikuwa hata uongo. Mama mkwe akanitangulia.

"Alikuwa babake. Hakumzaa, alimlea. Mimi pia sikumzaa. Nilimnyonyesha pamoja na binti yangu, huyu upande huu, huyu upande huu."

Kijana akakuna kichwa. "Bima inasema mzazi, mume, mke, au mtoto. Baba mkubwa hayumo, Mama. Pole."

"Sijasema baba mkubwa," Mama mkwe akamjibu, polepole kabisa. "Umenisikia nikisema baba mkubwa?"

Yule kijana akaona haya. Angeweza kutufukuza, lakini alikuwa amelelewa vizuri. Akaenda ndani akamwita mkubwa wake, mama mmoja mnene wa kutoka Kisii aliyevuta kiti akaketi karibu nasi, si ng'ambo ya meza. Akatupa pole kwanza. Akauliza nani alimpeleka Kiprono shule, nani alimtolea mahari, anaishi kwa shamba la nani. Kisha akasema, "Aliyeficha ningemkatalia, maana majina yangemsaliti. Nyinyi mmesema. Mkataba unamtambua mlezi kama mzazi, ila lazima nithibitishe. Nileteeni barua ya chifu na ya kanisa. Na mwenyewe aje."

Mwenyewe aje! Njiani nilijua hilo ndilo gumu.

Kiprono alipotusikia akakasirika kweli. "Mama, umeenda kuwaambia watu wa mjini mimi ni yatima?"

Mama mkwe hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimwambia akae, akakaa, mtu mzima na mafuta ya mashine kwenye kucha.

"Nimewaambia nimekulea. Wewe unaona aibu? Kuzaa si kazi, kazi kulea. Babako alikesha na wewe ukiwa na surua, akauza ng'ombe uende shule, juzi akauza mwingine watoto wako waione bahari. Sasa unataka niyafiche hayo ili ufanane na wadogo zako kwa karatasi? Babako hakuwahi kukuficha. Mimi ndiye nitakuficha?"

Kiprono akafunika uso. Tangu siku ya simu alikuwa hajalia, hata kaburini. Alilia pale jikoni, na mamake akamwacha alie, akamenya viazi.

Tulienda kwa chifu sote watatu. Chifu alikuwa rika la Mzee, hakuuliza swali hata moja. Aliandika huku akisoma kwa sauti: kwamba marehemu alimlea Kiprono tangu uchanga, na kwamba kijiji kizima kinamjua kuwa mtoto wake wa kwanza. Mume wangu alisimama wima akisikiliza, kama mtu anayesomewa baraka. Mchungaji naye akatoa ya kwake.

Walitulipa. Hawakulipa yote. Usiku tuliokwisha kulala hotelini haukuhesabiwa, na nauli ya kwenda ilibaki yetu. Lakini pesa walizotupa zilitosha kurudi Mombasa likizo ya Agosti, na safari hii tulimchukua Mama mkwe. Aliingia majini na viatu vyake vya raba, akainama, akaonja. Akatutazama kwa hasira kabisa.

"Chumvi yote hii!" akasema. "Na ng'ombe wetu wanalamba udongo!"

Kiprono alicheka hadi akaketi mchangani. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tumzike Mzee.

Sasa nawe unafunga mizigo, una watoto, una mipango. Sikia neno langu. Kata bima, na kabla ya kuitia sahihi uliza inamtambua nani kuwa mtu wako. Msiba au ugonjwa ukikukatizia safari, wapigie watu wa bima simu mapema, omba barua mahali unapoondoka, tunza risiti hata kama macho yamejaa machozi. Kama huwezi, mpe mwenzako akutunzie. Usione haya kudai. Kudai haki yako si kula kifo cha mtu, na aliyekulipia safari hakutaka jasho lake lipotee. Lakini dai kwa ukweli, hata pale uongo mdogo unapoonekana njia ya mkato. Njia ya mwongo ni fupi, na ukifika mwisho wake utakuwa umemkana mtu wako bure. Na ukimwona aliyefiwa akikataa kilicho chake, usimwite mjinga. Kaa naye, uliza anaogopa nini.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akutangulie barabarani, awape watoto wako kucheka, na siku ya kurudi uikute nyumba uliyoiacha ikitoa moshi jikoni.