Chupa ya Maji ya Moto Miguuni kwa Mama

Mama yangu nilimuunguza mwenyewe, kwa mikono hii, na mpaka leo hakuna anayejua. Jamani, nimechoka kulibeba jambo hili.

Mama ni mkulima wa Mafinga. Alivunjika mguu chini ya goti, akapelekwa Iringa kuwekewa chuma. Nikafunga duka langu la vitenge Soweto, Mbeya, nikaenda kumuuguza.

Daktari alimchoma sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu pajani, ile inayouzuia mguu kuuma hata saa nyingi baada ya upasuaji. Na kweli, mama alitoka anaongea, anaulizia uji.

Nesi akanionya: "Dada, huu mguu bado umelala. Usiuwekee kitu cha moto, hatasikia akiungua."

Nikaitikia. Jioni baridi ikashuka, nikashika vidole vya mguu wa mama, vya baridi kabisa. Kwetu tangu utoto tunajaza maji ya moto kwenye chupa, tunaizungushia khanga, tunamwekea mtu miguuni. Nikajisemea, huyu nesi atanifundisha kumtunza mama yangu? Ujuaji wangu huo! Nikaiweka.

"Unajisikiaje, mama?"

"Vizuri, mwanangu. Mungu akubariki."

Alikuwa anaungua huku ananibariki.

Asubuhi nikaona malengelenge kwenye kisigino. Nikaingiwa na woga, nikamvalisha soksi. Nesi alipoyagundua na kuuliza, nikasema sijui. Ganzi ilipoisha, mama alilia kwa kisigino kuliko kwa mfupa. Mfupa umeshaunga, lakini kidonda kile ndicho kinachomzuia kurudi shambani.

Kaka yangu amewatangazia ndugu wote kwamba sindano ya ganzi ndiyo iliyomuunguza mama. Nami nimenyamaza. Sasa mama mdogo naye anasubiri kupasuliwa goti, na ameshawaambia madaktari hiyo sindano haitaki.

"Kisigino cha dada nimekiona kwa macho yangu," anasema.

Maumivu yote hayo atayavumilia kwa sababu ya chupa yangu.

Ukiuguza mtu mwenye ganzi, usimuulize yeye kama anaungua. Msikilize nesi, hata kama ni mdogo kwako. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana uongo hukua.

Nimeweza kuwaambia ninyi nisiowajua. Mama mdogo anapasuliwa Jumatatu, namba yake ninayo, na bado sijampigia.