Mtambo wa Akiba

Kazi yangu hapa Bungoma ni kulinda mtambo usiofanya kazi. Ndivyo ninavyowaambia watu wakiniuliza, ingawa hawaniulizi sana. Kampuni yetu inasambaza intaneti, na swichi zetu, vile visanduku vya kuelekeza data, zilizotapakaa kutoka Lwakhakha hadi Kitale hazijiamulii chochote. Mtambo mkuu ulioko Kitale ndio unaoziambia zipitishe nini na wapi. Wangu ni wa akiba. Unakaa unasikiliza tu. Kila mara ule wa Kitale unautumia ishara ndogo ya kusema nipo, na ukinyamaza kupita kiasi, wa akiba unauhesabu umekufa, kisha unashika usukani.

Baba naye yuko Kitale, peke yake tangu Mama afariki. Kila asubuhi ananiflashi: simu inalia mara moja, anakata. Nami namrudishia. Hatuongei. Mwanzoni nilimcheka kwamba anabania kredi. Siku hizi siwezi hata kunawa uso kabla simu hiyo haijalia.

Asubuhi moja haikulia. Nilipompigia, ile sauti ya kampuni ya simu ikaniambia mteja hapatikani. Ofisini nikakuta kioo cha kompyuta kimejaa wekundu: tingatinga la wajenzi wa barabara lilikuwa limekata kebo zote za mtaro mmoja, zetu na za simu. Mitambo yetu miwili haikusikizana tena. Wa Kitale ulikuwa mzima kabisa, lakini wangu ulishaamini kuwa ule umekufa, ukajitwalia ukubwa. Swichi, ambazo zina njia nyingine ya kuzunguka, zikawa zinapokea amri kutoka pande mbili, na wateja wakaanza kupiga kelele. Hili tunaliogopa kuliko mtambo kufa. Dawa yake ni kuweka shahidi wa tatu mahali pengine, wa kuulizwa kabla yeyote hajatangaza matanga. Sisi hatuna, bosi anasema atanunua. Nikauzima wangu kwa mkono, kama tulivyokubaliana tangu awali na wenzangu wa Kitale, swichi zikatulia.

Kwa hiyo nilijua. Nani angejua kuliko mimi kwamba kunyamaza si kufa? Lakini moyo haukutaka kusikia. Akilini nilimwona Baba ameanguka jikoni, sufuria inaungua, mlango umefungwa kwa ndani. Nikaomba ruhusa, nikapanda gari la Kitale, nikalia njia nzima bila kujali nani ananitazama.

Mlango wake nilikuta umefungwa kwa nje, kwa kufuli. Jirani yake, mama mmoja Mkikuyu anayelima viazi nyuma ya nyumba, akatoka akifuta mikono kwa leso.

"Ati hamkupatana njiani? Mzee ametoka asubuhi. Amejaribu kukuflashi, simu haiingii, akasema lazima kuna kitu imekupata. Ameenda Bungoma kukutafuta. Ufunguo ameniachia. Si ukunywe chai kwanza?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kabla chai haijachemka, muuza maziwa alikuwa amepita kuniambia Baba alivaa koti gani, na fundi wa baiskeli akaniambia alikaa kiti cha mbele, karibu na dereva. Wote walinisalimia kwa jina langu.

Simu zilirudi alasiri. Ya Baba ikanipata ndani kwake, nimekaa kwenye kiti chake.

"Mama," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Uko mzima?"

"Niko mzima, Baba. Niko kwako, nakunywa chai."

Nilidhani atacheka. Nikasikia pikipiki za Kanduyi, mtaani kwangu, zikipita nyuma yake.

"Nimekaa hapa mlangoni kwako toka mchana. Nimepiga hodi kila nyumba ya hii ploti, juu na chini. Nimewatajia jina lako, nimewaonyesha picha yako kwa simu." Akakohoa. "Mama, hawa watu hawakujui. Hata mmoja."

Nilitaka kumwambia ni kazi, natoka mapema, narudi nimechoka. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwonea huruma kwa upweke wake, na aibu niliyoisikia pale kwenye kiti chake ilinichoma kifuani.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba."

"Basi njoo. Mimi siondoki hapa. Ukifika tutapiga hodi tena, mlango kwa mlango, nikiwa na wewe, wakuone."