Jiwe la Mlango wa Mama Mkwe

Mama mkwe alinikuta jikoni kwake nimepiga magoti, ulimi nje, nalamba jiwe analozuilia mlango.

Kabla hamjanihukumu, naomba mnisikilize.

Mimi ni mstaafu. Nimeendesha lifti ya jengo la maofisi mpaka nikaota mvi, yaani nimepanda na kushuka maisha yangu yote na sikufika popote. Nilipostaafu, wenzangu walichagua karata. Mimi nikachagua mawe.

Si mawe ya kujengea. Nazungumzia miti iliyogeuka mawe.

Mti ulianguka zamani hizo ambazo hata babu wa babu yako hajaotwa. Ukafunikwa na tope, maji yenye madini yakaupenya taratibu, mti ukajiondokea, likabaki jiwe lenye sura yake ileile. Gome lipo, mishipa ipo, hata tundu la mdudu lipo. Mdudu mwenyewe keshasahau.

Uani kwangu nilikuwa na msumeno wa umeme wenye diski ya almasi, na pipa nililolifunga kwenye mota ya mashine ya kufulia iliyokufa. Unakata jiwe, unatia vipande kwenye pipa pamoja na maji na mchanga mkali, linazunguka wiki nzima. Unatia mchanga laini zaidi, linazunguka tena. Mwisho unatia unga wa kung'arisha.

Mke wangu husema kuishi na lile pipa ni sawa na kuolewa na mtu anayetafuna kokoto.

Sasa tuje kwenye kulamba.

Jiwe kavu ni bubu. Ukililowesha, michoro inajitokeza, unajua kama lilikuwa mti au ni jiwe tu linalojifanya. Kistaarabu unatumia maji. Lakini sisi watu wa mawe tukitia shaka, ulimi hutangulia akili.

Na lile jiwe la mlango lilinitia shaka tangu naingia. Jeusi, zito, limelala ubavu kama kipande cha gogo. Nikapiga ulimi.

Vikatokea vidoa. Vidogo, vingi, vimesambaa kama matundu ya kichujio.

Moyo ukaniruka. Miti mingi ukiikata unaona pete, moja ndani ya nyingine. Vidoa namna ile ni mnazi, au ndugu za mnazi. Mnazi wa jiwe, jamani, umewekwa kuzuia mlango usijifunge.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Alikuwa mama mkwe. Alinitazama, akalitazama jiwe, akaenda kunipakulia chakula. Sahani ilijaa mpaka ukingoni. Nikajua nimeshaonewa huruma.

Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa na habari. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni nesi, alinipigia simu kuniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu ni siku nzuri ya kunikoma. Dada yao akasema wanaolamba vitu wamepungukiwa kitu mwilini, hakutaja kitu gani. Na mke wangu, aliyekuwa akitafuta sababu muda mrefu, akaipata: msumeno na pipa viondoke, Mzee apumzike.

Hapo sikucheka tena.

Mtu aliyeshinda ndani ya kisanduku cha lifti ujana wake wote, ukimnyang'anya kitu kimoja anachokipenda, humwachii kingi.

Jumapili wakaja kwangu kunisuluhisha. Mama mkwe alitangulia na fimbo yake, shemeji nyuma kabeba jiwe, jasho linamtiririka. Mama akakaa, akatoa hukumu kabla kesi haijasomwa. Jiwe likatwe mbele ya wote. Ukionekana mti ndani, nisisumbuliwe tena na mashine zangu zisiguswe. Likiwa jiwe tupu, msumeno utoke siku hiyohiyo.

"Mama, likishakatwa halirudi," nikamwambia.

"Na wewe ukilambalamba huko kwa watu, heshima yangu hairudi. Kata, mwanangu."

Nikafunga jiwe kwenye kibano. Nikamwomba shemeji, kwa upole wote, asogee upande wa kushoto ili aone vizuri.

Upande wa kushoto ndiko msumeno unakotemea tope.

Alikuwa amevaa shati jeupe. Sisemi zaidi.

Jiwe lilichukua muda. Nilikata polepole, maana ulimi si mahakama, uliwahi kunidanganya. Mwisho likatengana, nusu huku, nusu huku. Nikalimwagia maji kama mtu mwenye adabu zake.

Rangi ya asali. Vidoa vyeusi vimejipanga toka ukingo hadi ukingo. Katikati palikuwa na ufa uliojaa vichembe vya kung'aa kama sukari.

Mama mkwe akainama, akapitisha kidole polepole.

"Huu mti uliwahi kuwa hai?"

"Ulikuwa hai, Mama. Ulisimama, ukapigwa na upepo."

Akajifuta kidole. "Na mimi kila asubuhi naupiga teke."

Nilikuwa nimeshinda. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye furaha leo.

Lakini nilipata hadhira, na ndani ya lifti watu hukushukia kabla hujamaliza hadithi. Nikamweleza Mama kila kitu. Pete na vidoa, mchanga upi unaanza na upi unafuata. Nikamwongezea kwamba majoka ya kale, marefu kuliko nguzo za umeme, yalijikunia mgongo kwenye mti huohuo. Nani atabisha? Kila nikimaliza jambo, anauliza jingine.

Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka nguo kwenye kamba, kwamba kwake nyuma ya banda la kuku kuna mengine kama hayo. Marehemu mumewe alizungushia bustani nzima.

Nilitaka kumbusu. Nikamwambia nitafika kesho na gunia.

"Gunia la nini?" akasema. "Mawe ni mazito. Mashine ndiyo ihamie kwangu."

Nikageuka kutafuta wa kunitetea. Shemeji alikuwa anajikwangua tope. Mke wangu alikuwa ameshaanza kulifungua pipa, anaimba.

Na kibaya zaidi, siku hizi Mama ananishinda kung'arisha. Mawe yangu siku zote yalitoka na ukungu, nikiulaumu umeme. Kumbe nilikuwa sisuuzi pipa sawasawa. Chembe moja ya mchanga mkali ikibaki, inayakwaruza yote. Yeye husuuza kila kipande kwa mswaki, kama anaosha meno ya mtoto. Yake yanang'aa mpaka unajiona mvi.

Mimi nimepangiwa Alhamisi. Nikifika mapema, nakuta pipa lina kazi, napewa mswaki.

Somo langu ni dogo. Anayekichukia kitu chako unaweza kupambana naye, na ukashinda. Anayekipenda humwezi. Kwa hiyo ukishinda kesi, funga mdomo, beba kilicho chako.

Naishia hapa. Leo ni zamu yangu, na Mama hapendi mtu anayechelewa.