Kikaango cha Mzani

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Julai 2008, katika ofisi ya msajili, akiwa na viatu vya kupandia mlima chini ya gauni jeupe. Mchana huohuo yeye na mumewe walishika njia ya msituni, mabegi mgongoni, na tangu hapo hawakuwahi kukosa safari ya Julai.

Kazini, katika duka la vifaa vya kambi, wenzake wanamwita Mama Moto, kwa kuwa rafu ya majiko ni himaya yake. Anayetaka hema au kamba atahudumiwa na yeyote. Anayetaka jiko ataitiwa Mama Moto, na hauziwi kitu kabla ya kuhojiwa. Mnakwenda wangapi? Kuna baridi? Mtapika kweli, au mtachemsha maji na kujidanganya kwamba mmepika?

"Unauza jiko au unatafuta mkwe?" keshia humtania kutoka kaunta.

"Bora nimchoshe hapa kuliko alale na njaa huko," hujibu bila kugeuka.

Mumewe ni fundi saa, na duka zima lilimjua kwa jina la Mzani. Kabla ya kila safari alipima vitu vyote kwenye mzani wa jikoni: soksi, sabuni, hata mfuniko wa sufuria. Alikata vishikio vya miswaki yao. Kijiko kilikuwa kimoja, wakipokezana. Jiko lao lilikuwa kichwa kidogo cha kufunga juu ya mtungi wa gesi, unakifumbata kiganjani kikapotea. Tambi zilichemka kidogo tu, moto ukazimwa, sufuria ikaviringishwa ndani ya sweta la Mama Moto ili zijiivishe zenyewe na gesi isiende bure. Penye baridi kali gesi hugoma na moto husuasua asubuhi, kwa hiyo usiku mtungi ulilala ndani ya begi la kulalia, umebanwa tumboni. Tumboni kwa Mama Moto. Mzani alisema yeye ana damu baridi, hawezi kupasha kitu.

Mama Moto aliwahi kuomba kitu kimoja tu: kikaango. Alitamani ale yai la kukaanga asubuhi moja huku ukungu ukipanda kutoka bondeni.

"Yai?" Mzani alimaka. "Mke wangu, yai litatubebesha kikaango, kikaango kitatubebesha mafuta, mafuta yatatubebesha jiko kubwa. Mwisho tutapanda mlima na kuku mwenyewe."

Mama Moto alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakuomba tena.

Mwaka huu, mwezi wa Februari, Mzani aliondoka nyumbani na begi moja. Alisema anataka kupumua kidogo. Hawakugombana. Kila aliyeuliza, Mama Moto alimjibu kwamba mumewe anapumua. Dada yake alipomwambia afumbue macho, alimkatia simu. Moyoni alikuwa ameshapanga: Julai ikifika, atarudi.

Na wiki ya kwanza ya Julai, Mzani akaingia dukani.

"Shemeji!" keshia alipaza sauti. "Tulidhani fisi wamekufaidi!"

"Wangebaki na njaa," alisema Mzani, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya majiko. "Nataka jiko. La watu wawili."

Mama Moto alimfuata mbio. Jiko lao lilikuwa limeanza kuvuja gesi, na mwaka jana yeye mwenyewe ndiye aliyesema wanunue jingine. Kwa mara ya kwanza hakumhoji mteja. Alishusha lile jepesi kuliko yote na kumwekea kiganjani, akitabasamu.

"Hata mfukoni hutalisikia."

Mzani aligeuzageuza lile jiko, akalirudisha. "Hapana. Sufuria itayumba. Nataka lile la chini." Alinyooshea kidole jiko pana la mafiga mawili, linalonunuliwa na watu wanaofika kambini kwa gari.

"Hilo zito kama mtoto mchanga. Kuna gari?"

"Kwa miguu. Nitalibeba mimi." Kisha akashusha sauti. "Na kikaango kizuri. Yeye asubuhi lazima apate mayai."

Keshia aliacha kubonyeza mashine yake. Mama Moto alishika ukingo wa rafu. Aliposema tena, sauti ilikuwa ileile anayowasemesha wateja.

"Kuna baridi huko?"

"Kiasi."

"Usiku mtungi utalala na nani?"

Mzani alitazama sakafu. "Na mimi. Yeye anaumwa na baridi upesi."

Mama Moto alitoa jiko kwenye boksi, akamwonyesha kufunga mpira wa gesi na kupima kama gesi inavuja kwa povu la sabuni. Alimwonya asithubutu kuliwasha ndani ya hema, maana hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Alimtaka arudie yote mwenyewe, akamsahihisha mara moja, akakifunga kikaango kwa karatasi. Mzani alishukuru na kutoka, mkono mmoja umevutwa chini na uzito wa boksi.

Keshia alimkuta Mama Moto stoo, ameketi juu ya marobota ya mahema.

"Lia basi, shoga yangu. Mtukane na huyo mwanamke tumsikie."

"Simjui, nimtukanie nini?" alisema Mama Moto. Alikuwa anajifuta uso kwa aproni na machozi hayaishi. "Kumbe alikuwa anaweza kubeba. Miaka yote hii, kumbe anaweza."

Keshia aliketi kando yake.

Jioni hiyo Mama Moto alimpigia simu mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi anahamia kwa dada yake, na nyumba inatafutiwa mpangaji mwingine.